Kadi namba 311: uchambuzi wa kisa cha Mickey Mantle wa mwaka 1952

Mwezi Agosti 2022, kampuni ya minada ya Heritage ya Marekani iliuza kipande cha karatasi ngumu chenye upana wa karibu sentimita 6.7 na urefu wa sentimita 9.5 kwa dola milioni 12.6. Kipande hicho ni kadi yenye picha ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyochapwa mwaka 1952 na kampuni ya chingamu iitwayo Topps, iliyokuwa na makao yake Brooklyn, New York, na ambayo mtoto wa wakati huo aliipata ndani ya kipakiti alichonunua kwa senti chache. Wasomaji waliozoea soka watauelewa uzito wa bei hiyo wakikumbuka kwamba miezi mitatu kabla yake, jezi aliyoivaa Diego Maradona alipofunga bao la mkono dhidi ya Uingereza katika Kombe la Dunia la 1986 iliuzwa London kwa takribani dola milioni 9.3, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikitajwa kama rekodi ya vitu vya michezo. Kadi ya Mantle iliipita kwa zaidi ya dola milioni tatu.

Swali ninalolichambua hapa ni moja: kwa nini kadi hii na si nyingine? Jibu ambalo watu wengi hulitoa haraka ni kwamba kadi hii ni adimu. Naliona jibu hilo kuwa pungufu, na kisa chenyewe kinaonyesha hivyo kwa uwazi usio wa kawaida, kwa sababu kando ya kadi hii zipo kadi nyingine zilizochapwa na kampuni hiyohiyo, katika awamu hiyohiyo, ambazo tunaweza kuzitumia kama vipimo.

Tuanze na kampuni. Topps ilikuwa ikiuza chingamu, na kadi ilikuwa chambo cha kumvuta mtoto dukani. Mshindani wake mkuu, Bowman wa Philadelphia, alikuwa na kadi ndogo zilizopendwa na pia mikataba na wachezaji wengi. Katika majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka 1951, mfanyakazi kijana wa Topps aitwaye Sy Berger, akisaidiana na Woody Gelman, alikaa kwenye meza ya jikoni ya nyumba yake huko Brooklyn akabuni seti mpya ya mwaka uliofuata. Alitaka kadi kubwa kuliko za Bowman, yenye picha ya rangi, nembo ya timu na saini ya mchezaji upande wa mbele, na upande wa nyuma takwimu za msimu uliopita pamoja na za maisha yote ya mchezaji. Leo mpangilio huo unaonekana wa kawaida kabisa, kwa sababu kadi za michezo zilizokuja baadaye ziliufuata. Seti nzima ilikuwa na kadi 407.

Kadi ya Mantle inastahili kutazamwa kwa karibu. Chanzo chake ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotiwa rangi kwa mkono, na ndiyo maana haionekani kuwa picha ya kamera hasa, wala mchoro hasa. Kijana amesimama mbele ya mandhari ya buluu tupu, rungu la manjano likiwa begani, kofia ya timu yake, New York Yankees, kichwani, macho ameyainua kuangalia mbali nje ya fremu. Hakuna uwanja, hakuna mashabiki, wala mchezaji mwingine. Kadi nyingi za wakati huo zinamwonyesha mchezaji akijifanya anacheza mbele ya mpiga picha. Hii inamwonyesha mtu anayetazama kitu ambacho sisi hatukioni. Siamini kwamba Berger alikusudia hivyo, kwani alikuwa na mamia ya kadi za kukamilisha, lakini naamini kwamba sehemu ya nguvu ya kadi hii imo katika buluu hiyo na katika macho hayo.

Sasa tuje kwenye uadimu. Seti ilitolewa dukani kwa awamu kadiri msimu ulivyosonga, na awamu ya mwisho, yenye kadi kuanzia namba 311 hadi 407, ilitoka msimu ukiwa unaelekea ukingoni. Watoto walikuwa wameanza kuhamia kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani, na wenye maduka hawakuwa na hamu ya kuagiza kadi za mchezo unaofunga msimu wake. Mzigo mkubwa ulibaki ghalani. Kwa miaka kadhaa Berger alijaribu kuuondoa, hata kwa kuwauzia wenye maonyesho ya burudani kwa bei ya kutupa, bila mafanikio ya maana. Hatimaye, mwaka 1960, makasha yaliyobaki yalipakiwa kwenye jahazi la takataka na kumwagwa katika Bahari ya Atlantiki, nje ya pwani ya New Jersey. Kisa hiki kimetufikia hasa kwa simulizi ya Berger mwenyewe, naye alikisimulia mara nyingi hadi kikawa sehemu ya elimu ya kwanza ya kila mkusanyaji.

Ni simulizi yenye nguvu, na ndiyo inayowafanya wengi waamini kwamba bahari ndiyo iliyoipandisha kadi ya Mantle. Hapo ndipo hesabu inapokataa. Katika awamu hiyo ya mwisho, kadi tatu zilipewa nafasi mbili kwenye karatasi kubwa za kuchapia ilhali nyingine zilipewa nafasi moja: namba 311 ya Mantle, namba 312 ya Jackie Robinson na namba 313 ya Bobby Thomson. Kwa maneno mengine, kadi ya Mantle ni miongoni mwa kadi zilizochapwa kwa wingi zaidi katika awamu yake. Wataalamu hutambua hata matoleo yake mawili kwa kuangalia upande ambao nyuzi za mpira uliochorwa nyuma ya kadi zimeelekea. Kampuni ya PSA peke yake imekwisha kupima na kupanga madaraja ya zaidi ya nakala elfu moja za kadi hii. Kadi ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya mwaka 1909 na 1911, inajulikana kwa nakala takribani hamsini hadi sitini tu. Mtu anayetafuta uadimu halisi ana pa kwenda, na si kwa Mantle.

Vipimo nilivyovitaja vinasaidia hapa. Namba 312 ya Robinson ilipitia hatua zilezile: kampuni ileile, mwezi uleule, nafasi mbili kwenye karatasi, ghala lilelile na, tukiamini simulizi, jahazi lilelile. Robinson ndiye aliyevunja ukuta wa rangi, uliowazuia weusi kucheza katika ligi kuu za besiboli, tarehe 15 Aprili 1947, na kwa kipimo chochote cha historia ya nchi ile ni mtu mkubwa kuliko Mantle. Hata hivyo, bei ya kadi yake ya 1952 ni sehemu ndogo tu ya bei ya kadi ya Mantle yenye hali ileile. Chukua tena namba 407, kadi ya mwisho katika seti, ya Eddie Mathews. Hiyo ilichapwa kwa nafasi moja, kwa hiyo nakala zake ni chache zaidi. Ni kadi yake ya kwanza kabisa, na mwenyewe alimaliza akiwa na hom rani 512, yaani mipira aliyoipiga ikavuka uzio na kumpa haki ya kuzunguka vituo vyote bila kuzuiwa, kisha akaingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli. Nayo haimkaribii Mantle.

Kanuni ya pili inayotegemewa na wakusanyaji ni kwamba kadi ya kwanza ya mchezaji ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote zake. Kisa hiki kinaivunja kanuni hiyo pia. Kadi ya kwanza ya Mantle haikutolewa na Topps. Ni namba 253 ya Bowman, ya mwaka 1951. Ni kadi nzuri, ya kuchorwa, inayotafutwa sana, na huuzwa kwa fedha nyingi. Lakini weka kadi hizo mbili sokoni zikiwa na daraja moja, na ile ya pili kuzaliwa itaishinda ya kwanza. Kuna watu wanaoiita kadi ya Topps ya 1952 kadi yake ya kwanza bila kujua kwamba wanakosea, na nadhani kosa hilo lenyewe ni ushahidi: kadi imekuwa na nguvu ya kuifunika tarehe.

Basi kama si uadimu, wala si utangulizi, ni nini? Naona sababu ya kwanza ni wakati. Tarehe 5 Oktoba 1951, katika mchezo wa pili wa World Series, yaani fainali za ubingwa wa besiboli, kwenye uwanja wa Yankee, Willie Mays wa New York Giants alipiga mpira wa juu uliokuja kuanguka kati ya Joe DiMaggio, mlinzi wa kati aliyekuwa nyota wa Yankees kwa miaka mingi, na Mantle, kijana wa umri wa miaka 19 aliyekuwa akicheza upande wa kulia. Wote wawili walikimbilia. DiMaggio aliita kwamba ni wake, Mantle akasimama ghafla, kiatu chake kikanasa kwenye kifuniko cha mfereji wa maji uwanjani, na goti lake la kulia likaharibika kwa namna ambayo hakupona kabisa hadi anastaafu. Mwezi Desemba mwaka huohuo DiMaggio alitangaza kwamba ameacha kucheza. Mwezi Mei 1952 baba yake Mantle, mchimba madini wa risasi na zinki huko Oklahoma aliyemfundisha mwanawe kupiga akisimama upande wa kulia na hata wa kushoto tangu utotoni, alifariki. Oktoba ikafika, na Mantle, sasa akiwa katika nafasi ya DiMaggio, akapiga hom rani katika mchezo wa sita na wa saba wa fainali dhidi ya Brooklyn Dodgers, na Yankees wakatwaa ubingwa.

Kwa hiyo kadi hii inamkamata mtu katika mwaka ambao kiti kimebaki wazi na yeye ndiye anayekikalia. Ile ya Bowman inamwonyesha kijana mwenye ahadi. Ile ya Topps inamwonyesha mrithi. Yaliyofuata yaliijaza picha ile maana ambayo haikuwa nayo ilipochapwa: tuzo tatu za mchezaji bora wa ligi, mwaka 1956, 1957 na 1962, hom rani 536 katika maisha yake yote, mataji saba ya World Series na hom rani 18 katika fainali hizo, idadi ambayo haijafikiwa na yeyote.

Hapa panahitaji kusemwa jambo ambalo baadhi ya wakusanyaji hulikwepa. Willie Mays, aliyepiga mpira ule wa Oktoba 1951, naye yumo katika seti hiyohiyo, namba 261. Alimaliza akiwa na hom rani 660, alicheza muda mrefu kuliko Mantle, na wachambuzi wengi humweka juu yake. Ni kweli kwamba namba 261 haimo katika awamu ya mwisho, na hilo linaeleza sehemu ya tofauti ya bei. Lakini hoja ya awamu haimgusi Robinson, aliye jirani wa Mantle kwa namba. Mays na Robinson walikuwa weusi. Walionunua vipakiti vile na, muhimu zaidi, waliorudi sokoni miaka thelathini baadaye wakiwa na fedha, kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume weupe waliokulia katika Marekani iliyowatenga weusi; na Yankees yenyewe haikuwa na mchezaji mweusi hadi Elston Howard alipoingia mwaka 1955. Kijana mweupe kutoka mji mdogo wa Oklahoma, mwenye nywele za dhahabu, anayechezea timu tajiri katika jiji kubwa katika miaka ambayo televisheni inaingia majumbani, alikuwa sura ambayo nchi ile ilikuwa tayari kuipenda. Sisemi kwamba Mantle hakustahili. Nasema kwamba heshima ya kadi ni kumbukumbu ya watu fulani, na watu hao wana sura yao na wakati wao. Mchambuzi asiyelitaja hilo anaacha nusu ya kisa.

Kumbukumbu hiyo ilipata mwili katika miaka ya 1980. Watoto wa 1952 walikuwa sasa watu wazima wenye kipato, na wengi walikuwa na hadithi inayofanana ya mama aliyesafisha chumba na kutupa boksi la kadi. Katikati ya muongo huo muuza kadi Alan Rosen, aliyejulikana kwa kutembea na fedha taslimu, alipata karibu na Boston shehena ya kadi za 1952 za awamu ya mwisho ambazo hazikuwahi kuguswa na watoto, na miongoni mwake zilikuwamo makumi ya kadi za Mantle zenye pembe kali na rangi isiyofifia. Kwa mantiki ya kawaida ya soko, bidhaa ikiongezeka bei hushuka. Bei ilipanda. Wakusanyaji waliokuwa wameizoea kadi hii ikiwa imechakaa walikutana kwa mara ya kwanza na nakala iliyoonekana kama imetoka kiwandani jana. Mwaka 1991 Rosen aliuza mojawapo ya nakala hizo kwa dola 50,000, akiandika barua kwamba ndiyo bora kuliko zote anazozijua. Nakala hiyo ndiyo iliyopewa daraja la 9.5 na kampuni ya SGC na kuuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022.

Ugunduzi wa Rosen ulikuja kabla tu ya upimaji wa madaraja kushika soko, PSA ikianza kazi mwaka 1991. Mpimaji huangalia pembe, kingo, uso wa kadi na jinsi picha ilivyokaa katikati ya mipaka yake myeupe, kisha huipa daraja kuanzia 1 hadi 10 na kuifungia ndani ya kasha la plastiki. Ni mfumo unaogeuza mkwaruzo usioonekana vizuri kwa macho kuwa mamilioni ya dola. Nakala ya Mantle yenye daraja la 9 la PSA iliuzwa kwa dola milioni 2.88 mwaka 2018, na nyingine yenye daraja hilohilo ikauzwa kwa dola milioni 5.2 Januari 2021.

Mfano mzuri wa jinsi hali ya kadi inavyoweza kutengeneza thamani peke yake umo katika seti hii hii. Kadi namba 1 ni ya Andy Pafko, mchezaji mzuri lakini asiye nyota wa daraja la Mantle. Watoto walizipanga kadi zao kwa namba na kuzifunga kwa mpira wa kubana, na Pafko, akiwa juu ya rundo, ndiye aliyekatwa kingo na kupaukia juani. Nakala yake iliyobaki safi ni nadra mno na hununuliwa kwa fedha nyingi. Hata hivyo nani nje ya mzunguko wa wakusanyaji anamjua Pafko? Kadi yake ni ghali, lakini haikuvuka mpaka wa kundi lile na kuwa alama inayotambulika na wasiokusanya.

Kadi ya Wagner inaonyesha upande mwingine wa jambo hilihili. Nakala yake mashuhuri kuliko zote, ambayo mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake waliinunua kwa dola 451,000 mwaka 1991, iliuzwa kwa dola milioni 2.8 mwaka 2007 licha ya tetesi za muda mrefu kwamba kingo zake zilikatwa ili zionekane mpya, na mwaka 2013 mfanyabiashara aliyeikata alikiri hivyo mahakamani. Kadi iliyokatwa, kwa sheria za ukusanyaji, haistahili daraja la juu. Wagner haikuanguka, kwa sababu watu wanaitaka hadithi yake pamoja na karatasi.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Wagner ni hadithi ambayo karibu hakuna anayeweza kuimiliki. Mantle ya 1952 imekaa mahali pa kipekee: ni chache kiasi cha kumfanya mtu aitamani kwa miaka, na ni nyingi kiasi kwamba karibu kila onyesho kubwa la kadi nchini Marekani lina nakala kwenye kabati la kioo, na kila anayetaka kukamilisha seti ya 407, ambayo ndiyo msingi wa kadi zote za kisasa, lazima aipate. Maelfu wameishika. Wengi zaidi wamemjua mtu aliyeishika. Kadi ambayo haionekani hubaki simulizi tu. Hii ilionekana, ikalinganishwa, ikagombewa, na kila mnada ukawafanya wamiliki wengine wote wazikague tena zao.

Maisha ya Mantle mwenyewe nayo yaliingia ndani ya karatasi. Pombe ilimharibu, na katika miezi yake ya mwisho, baada ya kupandikizwa ini mwaka 1995, alijitokeza hadharani akiwaasa vijana wasimfuate. Alipofariki Agosti mwaka huo, aliyezungumza katika mazishi yake huko Dallas alikuwa mtangazaji Bob Costas, mtu aliyejulikana kwa kutembea na kadi ya Mantle ya 1958 katika pochi yake. Kwa watu wa rika hilo, kijana anayetazama juu katika buluu ile alikuwa amebeba pia yale wanayoyajua kuhusu mwisho wake.

Mwaka 2025 rekodi ya kadi ya michezo ilihamia kwa kadi moja ya mpira wa kikapu yenye majina ya Michael Jordan na Kobe Bryant, iliyouzwa kwa takribani dola milioni 12.9. Kadi hiyo ni ya pekee duniani kwa mpango wa mtengenezaji, aliyeamua tangu mwanzo kuchapa moja tu na kuitia saini na nembo kutoka kwenye jezi. Sina shaka na thamani yake. Lakini uadimu huo ulinunuliwa tayari umekamilika, ilhali ule wa 311 ulitengenezwa na uzembe wa wenye maduka, mikono ya watoto na maji ya bahari, bila mtu yeyote kujua kwamba anatengeneza chochote.

Kwa hiyo, ninapoulizwa namna ya kuitambua kadi yenye hadhi ya kweli, siangalii nakala bora inauzwaje, kwa sababu bei ya juu inaweza kusukumwa na matajiri wawili wanaoshindana usiku mmoja. Naangalia nakala mbovu. Mantle ya 1952 yenye daraja la 1, iliyokunjika katikati, yenye pembe za duara na alama ya gundi nyuma, bado huuzwa kwa maelfu mengi ya dola, na anayeinunua anajua vizuri kwamba hali yake haitakuwa bora kamwe.